Kaskazi Ukumbini, Kusi Safarini: Mwaka Wangu wa Hamburg

Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika ua wa Ngome ya Lamu, kama ilivyoandikwa upya na mzungumzaji mwenyewe

Bwana Mwenyekiti, masharifu, walimu wangu, baba zangu na mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu mliojaa hadi kwenye ngazi, assalamu alaikum.

Nimeombwa niseme juu ya maisha ya kijana ughaibuni, na aliyeniomba aliniwekea sharti kwamba nisizungumzie viza wala mishahara, kwa kuwa habari hizo, hasa tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mwezi wa Septemba 2024, zimesemwa mpaka zimetuchosha masikio. Nimelikubali sharti lake kwa moyo mkunjufu. Nitazungumzia siku mbili tu katika saba, Jumamosi na Jumapili, kwa sababu zile tano nyingine kila aliyefanya kazi mbali na kwao anazijua zilivyo.

Kuanzia Septemba 2023 hadi Agosti 2024 nilikaa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, nikitumikia mwaka wa kujitolea katika nyumba ya kutunzia wazee. Utumishi wa namna hiyo humpa kijana mahali pa kulala, chakula, posho ndogo, na siku 25 za semina katika mwaka mzima. Posho yangu haikufika yuro 500 kwa mwezi, na katika kila Jumamosi nne, mbili nilikuwa zamu. Nayataja haya mapema ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba nilikwenda kutalii.

Miezi miwili ya kwanza niliipoteza, na nakiri kwamba niliipoteza kwa mikono yangu. Nilitoka kazini nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikafungua simu. Nilijua nani kaposwa mtaa wa Mkomani na jahazi la nani limepakwa sifa, yale mafuta ya papa, mtaa wa Langoni, nikajua hata bei ya samaki ya asubuhi ile, lakini sikujua jina la njia iliyopita nyuma ya dirisha langu. Siku moja mama aliniuliza, "Huko kukoje, mwanangu?" Nikanyamaza, maana sikuwa na la kumjibu. Mwili wangu ulikuwa Ujerumani na mimi mwenyewe nilikuwa bado nimekaa barazani kwetu. Wala msidhani nilikuwa peke yangu katika hali hiyo, kwani nimekutana na vijana wa pwani waliomaliza miaka mitatu huko wakiujua mji kwa vituo viwili tu, cha kupandia treni na cha kushukia.

Kilichonitoa chumbani hakikuwa ushujaa. Ilikuwa ni giza. Ifikapo Disemba, jua la Hamburg huzama saa kumi za alasiri, wakati ambao hapa kwetu watu wanatoka kuswali na kutandika mikeka barazani, na asiyekuwa na shughuli ya jioni hujikuta na usiku wa saa kumi na sita mbele yake. Mwenzangu wa kazini, aliyekuwa amepata homa, alinipa tiketi yake ya mchezo wa kuigiza ili isiharibike. Ukumbi wenyewe ni Deutsches Schauspielhaus, uliofunguliwa mwaka 1900, unaotazamana na stesheni kuu ya treni na wenye viti vipatavyo 1,200. Msikiti mkubwa wa mtaa wa St. Georg, ule wenye minara iliyopakwa maumbo ya pembe sita ya kijani na nyeupe, uko mwendo wa dakika chache kutoka hapo, kwa hiyo niliswali isha kwanza, kisha nikaenda kwa miguu.

Naomba mniruhusu nikae kidogo katika usiku huo. Mtu huingia na koti lake zito, akalikabidhi kwa akina mama waliosimama nyuma ya meza ndefu, akapewa kibati chenye nambari. Kengele hulia ya kwanza, watu wakaendelea kuzungumza, ikalia tena, wakaanza kusogea, na baada ya ya mwisho milango hufungwa na aliyechelewa hubaki nje, awe nani awe nani. Hapo ndipo nilipojifunza saa ya Kijerumani, wala si kazini. Taa zikazimwa. Jukwaani hapakuwa na nyumba wala kiti, palikuwa na maji ya kweli yaliyofika vifundoni, na waigizaji walitembea ndani yake kwa saa mbili na nusu wakigombana. Sikuelewa robo ya maneno. Lakini nilielewa kwamba yule mwanamke wa makamo alikuwa amedhulumiwa urithi, na kwamba kaka yake alijua, na mama aliyekaa kulia kwangu alipotoa leso nikajua kuwa sikukosea. Mchezo ulipokwisha watu walipiga makofi mpaka nikadhani kuna dharura, waigizaji wakatoka na kurudi mara tano, nguo zikiwa zinachuruzika maji.

Nilirudi chumbani nikiwa na jambo la kumwambia mama.

Tangu usiku ule nikafanya kanuni, na kanuni yangu nikaiazima kwa manahodha wetu, ambao kwa karne nyingi walikuja na kaskazi na kurudi na kusi bila kubishana na upepo. Majumba ya michezo ya Ujerumani hufungua msimu wake mwezi wa Septemba na kuufunga Juni au Julai, kisha waigizaji wakaenda mapumziko, kwa hiyo miezi ya baridi na giza niliifanya kuwa ya ukumbini, na miezi ya mwangaza, ambayo Juni jua halizami hadi karibu saa nne za usiku, nikaifanya kuwa ya safari. Kaskazi ukumbini, kusi safarini.

Najua swali lililomo vifuani mwa wazazi, nalo ni la pesa. Sehemu kubwa ya gharama za majumba yale hulipwa na miji na majimbo, na kijana, mwanafunzi au mtu wa kujitolea kama mimi hupunguziwa bei. Mara nyingi nililipa takriban yuro kumi, na aghalabu tiketi hiyohiyo ilinilipia na nauli ya basi na treni za mji kwenda na kurudi. Mwezi wenye michezo miwili ulinigharimu pungufu ya jozi moja ya viatu. Nyumbani nilituma nilichoweza kila mwezi, na mama yangu yumo humu ndani, anaweza kunikanusha.

Swali la pili halikuulizwa kwa sauti, nalo ni la msichana kutoka usiku. Nitalijibu kwa kisa kimoja. Mwishoni mwa Aprili, saa zao zikiwa zimekwisha kusogezwa mbele, magharibi iliniingilia katikati ya mchezo. Wakati wa mapumziko nilimwendea mama wa makoti, nikamweleza kwa Kijerumani changu cha kuchechemea kwamba nahitaji pahali safi, padogo, kwa dakika tano. Hakuuliza kitu. Alisogeza reli ya makoti, akanionyesha nafasi nyuma yake, akasimama mbele akinikinga. Niliswali nikiwa nimezungukwa na manukato ya watu mia tatu. Mara ya pili nilipokwenda alikuwa amekwisha kuniwekea nafasi.

Sasa niwapeleke kwa bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia. Umri wake ulipita miaka tisini, kumbukumbu zilikuwa zimemtoroka, na kila ilipoingia jioni aliacha Kijerumani cha shuleni akarudi katika lugha ya utotoni mwake, Plattdeutsch, ambayo ndiyo iliyokuwa lugha ya mabaharia na wavuvi wa pwani ile kabla ya Kijerumani cha bara kuishinda. Wauguzi vijana hawakumwelewa, wakadhani anaweweseka. Mimi nilikuwa mgeni kwao wote, lakini hali ile niliitambua mara moja, kwa sababu bibi yangu mwenyewe alipokuwa akiumwa aliacha Kiswahili cha redio akawa anaita "mato" badala ya macho, "nti" badala ya nchi, "yeo" badala ya leo, na daktari kijana aliyetoka bara akatutazama kama anayesubiri tafsiri.

Hamburg ina jumba la michezo, Ohnsorg-Theater, lililoanzishwa mwaka 1902, ambalo kazi yake ni kuigiza kwa Plattdeutsch. Tangu 2011 limo katika jengo lililo ubavuni mwa stesheni kuu. Nilikwenda huko mara nne. Nusu ya watazamaji walikuwa wazee wenye fimbo, waliocheka kabla mwigizaji hajamaliza sentensi, kwa sababu maneno yale walikuwa hawajayasikia hadharani siku nyingi, na kusikia neno la jikoni kwenu likisemwa juu ya jukwaa chini ya taa ni furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Niliandika maneno katika daftari gizani, mstari ukipanda juu ya mstari. Wiki iliyofuata nilimwamkia bibi kwa maneno niliyoyaokota, naye akanishika mkono akaniita "mien Deern", yaani binti yangu. Wauguzi wakaanza kuniuliza mimi, Mwamu, mtu wa Lamu, bibi anasema nini.

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Hapa Amu hatuna jumba lililojengwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza, na wengi wetu mara ya mwisho kukanyaga jukwaa ni zile tamasha za shule, ambapo tulikariri Kiswahili sanifu mpaka tukasahau kwamba nyumbani hatusemi hivyo. Lakini watu wa mji huu hawakosi kujua kuigiza. Aliyesimama uwanjani Mkunguni akatazama kirumbizi, vijana wawili wakizungukana na fimbo huku zumari likiwachochea, ameona mchezo wenye mwanzo na kilele chake. Wazee wa goma wakijipanga kwa kanzu nyeupe na bakora, wakainama kwa pamoja polepole, mwelekezaji yeyote wa Hamburg angelipa nauli kuja kuwatazama. Tulichokosa ni kuyatia haya maneno, na maneno yenyewe yawe yetu.

Nimekawia ukumbini. Niingie safarini, na huko nitakuwa mwepesi zaidi.

Mwezi wa Mei 2023 Wajerumani walianzisha tiketi moja ya mwezi inayomruhusu mtu kupanda treni zote za mikoani na mabasi ya miji nchi nzima, isipokuwa zile treni za mwendo wa kasi. Mwaka wangu ilikuwa yuro 49. Januari 2025 ilipanda hadi 58. Kwa tiketi hiyo kijana anaweza kutoka alfajiri na mkate wake kifukoni, akarudi usiku bila kutoa senti nyingine. Aliye na kibali cha ukaazi anaweza pia kuzuru nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizopatana kuondoa ukaguzi wa mipakani, hadi siku 90 katika kila siku 180, mradi asisahau pasi wala kibali chenyewe. Mimi sikwenda mbali hivyo. Niligundua kwamba Jumamosi moja inatosha mji mmoja, na anayeipachika miji mitatu hurudi na picha za stesheni.

Safari yangu ya kwanza nilipotea. Nilikuwa naelekea Flensburg, karibu na mpaka wa Denmark, na sikujua kwamba treni ile ikifika Neumünster hukatwa vipande viwili, cha mbele kikashika njia yake na cha nyuma yake. Tangazo lilisomwa, watu wakahama mabehewa, mimi nikabaki nimekaa nikila tende. Nikashuka Kiel. Kosa lilikuwa langu, na adhabu yake ilikuwa bandari yenye meli ndefu kama mtaa, upepo wa chumvi, na mzee mmoja aliyekuwa akivua kwa mshipi ambaye tulizungumza saa nzima juu ya chambo. Flensburg sikuwahi kuifika mpaka nikarudi nyumbani.

Lübeck niliipenda kuliko yote. Kutoka Hamburg ni kama dakika arubaini na tano tu. Ni mji wa wafanyabiashara wa zamani, wa matofali mekundu, uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 1987, na mji wetu ukafuata mwaka 2001. Nyuma ya majumba makubwa kuna vichochoro vyembamba ambavyo mtu mrefu huinama kuviingia, vinavyotokea kwenye nyua zenye vijumba na maua. Husimuliwa kwamba upana wake ulipimwa kwa jeneza, ili maiti aweze kutolewa. Nikacheka peke yangu, maana sisi kipimo chetu ni punda mwenye mawe ya matumbawe mgongoni. Niliwaeleza wenyeji wawili namna tunavyojibana ukutani punda akipita, wakaniuliza maswali mengi kuliko niliyowauliza wao. Lübeck pia ndiko wanakojivunia marzipan, vitamu vya lozi na sukari, na kwa kadiri ya ulimi wangu halua yetu haijapata mpinzani.

Jumapili moja, maduka yote yakiwa yamefungwa kama ilivyo desturi yao, nilipanda treni hadi makaburi ya Ohlsdorf. Ni makaburi makubwa mno, karibu hekta 389, mabasi hupita ndani yake. Nilikuwa namtafuta Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyeondoka kwao mwaka 1866 akiwa kijana wa karibu miaka ishirini na mbili, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akafiwa na mumewe mwaka 1870 akiwa na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Alifariki Jena mwaka 1924. Husemwa kuwa alizikwa pamoja na kifuko cha mchanga wa Zanzibar. Najua Waswahili wana maneno mengi juu ya uamuzi wake, na sikwenda kumhukumu. Nilisimama pale kwa sababu alikuwa ameyaandika maisha yake, akawaeleza Wajerumani nyumba ya Kiswahili ilivyo kutoka ndani, na kuna siku nyingi chumbani nilizohitaji kujua kwamba mwingine aliwahi kuiona baridi ile ile kwa macho ya pwani yetu. Hakuwa peke yake. Amur bin Nasur alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1891 hadi 1895, na baada yake akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye alikaa huko hadi kufa kwake mwaka 1927. Ebrahim Hussein, mtunzi wetu mkubwa wa tamthilia, alikwenda kusoma Berlin ya Mashariki, na utafiti alioufanya huko, katikati ya majumba yote yale ya michezo, ulihusu maendeleo ya sanaa za maonyesho za Afrika ya Mashariki.

Safari ya mwisho ndiyo iliyonigusa zaidi, nayo ilikuwa ya majini. Kutoka Cuxhaven, kwenye mlango wa mto Elbe, meli huchukua zaidi ya saa mbili kufika kisiwa cha Helgoland. Nilipanda kwa majivuno ya mtoto wa nahodha, na kabla ya saa ya kwanza kwisha nilikuwa nimeinamia ndoo kama wengine. Helgoland ni mwamba mwekundu wa kiasi cha kilomita moja ya mraba, wenye watu wapatao 1,300, wenye lahaja yao wenyewe, na magari hayaruhusiwi isipokuwa machache ya dharura na huduma. Hata baiskeli hazipandwi. Nilishuka nikasikia kile nilichokuwa sijakisikia tangu nitoke Amu: nyayo za watu tu na sauti zao.

Hapa Lamu, mtaa wa pili kutoka gatini, tuna jengo lililokuwa posta ya Wajerumani tangu 1888 hadi 1891, ambalo sasa ni makumbusho. Watoto hupita mbele yake kila siku bila kuuliza Mjerumani alikuja kupeleka barua gani. Mwaka 1885 Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, wa Witu, mji wa bara katika kaunti hii, aliwapa ndugu wawili, akina Denhardt, ardhi, akaingia chini ya himaya ya Ujerumani ili ajikinge na Sultani wa Zanzibar. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana: Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu na ikaacha madai yake Zanzibar, na pamoja na mengine ikapewa Helgoland, ambayo Waingereza waliishika tangu 1807. Wajerumani wenyewe husema kwa mzaha kwamba waliibadilisha Zanzibar kwa mwamba, lakini Zanzibar haikuwa yao kuitoa. Iliyokuwa chini yao ni Witu. Oktoba mwaka huohuo Waingereza wakapeleka askari, na Witu ikachomwa moto. Helgoland nayo haikusalimika na bei ya wakubwa: Aprili 1947 jeshi la Uingereza liliripua huko maelfu ya tani za baruti, wenyeji wakiwa wamekwisha kuhamishwa, na hawakurudishiwa kisiwa chao hadi Machi 1952.

Nilikaa juu ya ule mwamba nikamweleza mwanamke aliyekuwa akiuza samaki wa moshi kwamba nimetoka upande wa pili wa mkataba wao. Aliacha kufunga samaki. Akaniuliza Witu iko vipi, nami, nawaambieni ukweli, nilikuwa sijawahi kulala Witu hata usiku mmoja, ingawa imo katika kaunti yangu. Nilikuwa nimesafiri maelfu ya kilomita kwenda kuulizwa habari za mahali ambapo matatu hufika asubuhi na kurudi jioni.

Niliporudi Agosti, Jumamosi ya kwanza nilivuka hadi Mokowe, upande wa bara, nikaenda Witu. Nimekwenda mara sita mpaka sasa, na nina daftari la pili, safari hii mistari haikupandana.

Kutoka daftari hilo mimi na vijana wenzangu watano tumeandika mchezo mfupi, wa nusu saa, juu ya posta ile na barua moja iliyochelewa, nao wote ni wa Kiamu, pamoja na matusi mawili ambayo mzee mmoja ametusihi tuyatoe na mwingine ametusihi tuyaache. Tutausoma kwa sauti Jumamosi ijayo, baada ya alasiri, pale Mkunguni chini ya miti. Mlango wa kufungwa hatuna, kwa hiyo atakayechelewa ataingia. Mabenchi ni machache. Ajaye na aje na mkeka wake.